Pacha wa Chini ya Meza

Kitu cha kwanza nilichojifunza kuhusu ile seva ni kwamba haitaki kuvishwa. Marehemu mke wangu Angeline alikuwa mtu wa vitambaa. Redio ilikuwa na kitambaa, kochi lilikuwa na kitambaa kila mkono, hata mtungi wa gesi ulikuwa na sketi. Kwa hivyo chama kilipoamua mashine ikae kwangu, nilichukua kitambaa chake cha krosha, kile cheupe chenye maua ya samawati, nikaifunika vizuri kama mgeni. Wiki tatu nzima ikawa inazima kila siku saa nane mchana. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha soketi. Nikawalaani wenye stima, maana hao hata wasipokuwa na kosa hili wana lingine. Mwisho nikaishika mgongo, ikanichoma kama sufuria. Nikatoa kitambaa. Haikuzima tena.

Nasema hivi ili ijulikane kwamba mimi si mjinga wa mashine. Shule niliachia darasa la sita, mkono wangu ni wa mwiko na timazi, na nyumba nilizojengea watu Nairobi hii sizijui idadi. Lakini ile mashine nimeishi nayo miaka mitatu. Ikilia tik tik najua inataka nini. Taa ya kisanduku cha waifai ikiwa nyekundu najua tatizo ni wao wa kampuni, ikiwa kijani najua ni mimi. Nilichokuwa sijui ni watu.

Chama chetu ni cha kuzikana, cha watu wa kwetu tunaoishi Kisumu Ndogo na Laini Saba. Mtu akifa hapa Nairobi tunampeleka nyumbani, na mazishi yanapigwa video tangu mwili utoke mochari mpaka udongo wa mwisho. Hatupigi kwa ajili ya machozi. Kwetu video ni kitabu: nani alikuja, nani alisimama, nani alisema nini mbele ya jeneza. Neno lililosemwa mbele ya maiti halirudishwi mfukoni. Zamani tulikuwa tunagawana CD, halafu CD zikaisha maana hakuna tena mwenye deki. Kwenye WhatsApp haziingii, ni nzito. Ndipo mpiga picha wetu, Mbuthia wa Kawangware, akatuambia tutafute kompyuta kuukuu, aweke mazishi yote humo, na yeyote atakayekaa karibu nayo aangalie kwa simu yake bila bando. Hiyo ndiyo seva.

Kamati ikakaa kuamua ilale kwa nani. Mwenyekiti wetu ni Opondo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na lori la kijani lililoandikwa Neema mbele na nyuma. Tunamwita Jakom, yaani mwenyekiti kwa Kijaluo, na nasikia hata mkewe anamwita hivyo. Jakom akasema iwekwe kwa Osewe, ndiyo mimi. Osewe hana mtoto wa kuimwagia chai wala mke wa kuhamishahamisha meza. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Angeline alikuwa na miezi mitano kaburini.

Nikawa mtunzaji. Jumapili baada ya kanisa watu walikuwa wanakuja kukaa kwenye benchi nje ya mlango wangu, kila mtu na simu yake, kila mtu na maiti yake. Huyu anamwangalia baba yake akishushwa, yule anatafuta kama shemeji alivua kofia. Mtu akisema haifunguki, mimi natoka. Kwanza naangalia stima. Pili naangalia taa. Tatu namwambia azime simu awashe tena, na mara saba kwa kumi inafunguka hapo. Nilikuwa na daftari la magonjwa ya mashine. Vumbi nililitoa kwa pampu ya baiskeli.

Ndani ya ile mashine kuna diski mbili. Mbuthia alinieleza siku anaziweka, akiwa amepiga magoti chini ya meza yangu na tochi mdomoni. Alisema kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza kinaandikwa na kwenye ya pili, saa hiyo hiyo. Moja ikifa, nyingine inabaki na kila kitu. Mimi nikamwambia basi hao ni pacha. Kwetu pacha wa kike, anayetangulia kutoka ni Apiyo, anayefuata ni Adongo, na sheria yao ni moja: ukimpa huyu, unampa na yule. Ukimshonea huyu gauni, unashona mawili. Mbuthia akacheka akasema hiyo ni poa, mzee, shika hivyo hivyo. Nikachukua kalamu ya kuchora mbao nikaandika majina yao juu ya chuma, Apiyo, Adongo. Nikalala vizuri. Nilijua hata Apiyo akipatwa na nini, Adongo yupo.

Kitu kilichokuwa kinanifanya nijali hivyo kilikuwa faili moja. Mazishi ya Angeline, masaa manne na dakika kumi na mbili.

Angeline alipokufa mimi sikuwa na nyumba nyumbani. Miaka ishirini na sita najenga za wengine, yangu hakuna. Kwetu mke hazikwi hewani, anazikwa mbele ya nyumba ya mume wake. Ikabidi mabati yasimamishwe siku moja kabla, kibanda cha chumba kimoja. Na ardhi ya baba ilikuwa mikononi mwa kaka yangu mkubwa, Okoth. Ni yeye aliyeonyesha mahali. Na siku ya mazishi, jeneza likiwa chini ya turubai, Okoth alishika maiki akasema mbele ya watu wote kwamba kuanzia ule mti wa siala mpaka ua wa miti ya ojuok, na chini mpaka barabarani, sasa hiyo ni dala ya Osewe, boma lake, na hakuna wa kumuuliza. Halafu akageukia upande wetu akauliza, “Watu wa Nairobi, mmesikia?” Watu wa Nairobi wakainua mikono juu, arobaini na zaidi.

Karatasi hakuna. Ilikuwa ni hiyo sauti tu, na ilikuwa chini ya meza yangu.

Mwaka huu mwezi wa pili diski zikajaa. Mashine ikaonyesha mstari mwekundu, ikakataa mazishi mapya. Mimi nilipendekeza tutafute diski kubwa zaidi. Jakom akaleta kamati mpaka kwangu, akakaa kwenye kochi, juu ya kitambaa, akasema hakuna haja. Mazishi ni marefu mno, alisema, watu wanachoka, hotuba zitolewe yabaki mambo ya maana. Nikamuuliza na ya Angeline. Akaniwekea mkono begani.

“Yako hatuigusi, omera, ndugu yangu. Wewe ndiwe mwenye nyumba.”

Nikaweka sahihi. Kazi ya kukata ikapewa Audrey, katibu wa chama. Huyo Audrey, mama yake alikufa akiwa darasa la nne, na Angeline ndiye aliyemlea, akamsuka nywele, akamsindikiza shule mpaka akamaliza kozi yake ya kompyuta. Mimi ananiita baba. Siku hizi anauza kwenye duka la Jakom. Nilimpa paswadi bila kufikiri. Alikaa kwenye meza yangu siku mbili akikata, mimi nikiwa kazini mjengo, na jioni ya pili nilimkuta ameosha hata vyombo.

Na moyoni nilikuwa na lingine. Nilijiambia hata wakikosea, hata mkono ukiteleza, wanakata kwa Apiyo. Adongo atabaki na yote.

Mwezi wa nne Okoth akanipigia simu. Hakuuliza hali. Alisema amesikia nataka kuleta mchanga kujenga, na anataka nijue kwamba alinipa mahali pa kumlaza mke, hakunipa boma. Nilidhani amelewa. Nikamkumbusha maneno yake. Akasema maneno gani. Wiki iliyofuata nikaitwa na naibu wa chifu: kikao cha wazee, Ijumaa ya tarehe kumi na nne, na kila mtu alete ushahidi wake. Nikamwambia naibu wa chifu ushahidi wangu uko tayari, una masaa manne.

Nikawasha mashine kuutafuta. Ikafungua picha nusu, ikaganda. Nikaangalia stima, nikaangalia taa, nikazima nikawasha. Ikasema faili haichezeki. Nikachomoa waya mmoja mmoja nikaupangusa na kurudisha, nikapuliza kwa pampu. Siku mbili nilikuwa chini ya ile meza nikilala kwa mgongo kama fundi wa magari. Kosa nililipata siku ya tatu, waya mwembamba wa Apiyo ulikuwa umelegea. Nikausukuma mpaka ukalia ka. Picha ikaanza. Nilifurahi sana, ni aibu kusema nilivyofurahi.

Halafu nikaona namba kule chini. Masaa matatu na dakika hamsini na nane.

Nikapeleka mbele. Mchungaji anaomba. Anasema amina. Na baada ya amina jeneza linashuka. Okoth hayupo. Anaonekana baadaye tu, anatupa udongo.

Sikutetemeka, maana nilikuwa na Adongo. Nilizima, nikamchomoa Apiyo, nikawasha na Adongo peke yake. Masaa matatu na dakika hamsini na nane. Mchungaji anaomba, anasema amina, jeneza linashuka.

Nilikaa pale sakafuni na Apiyo mkononi. Sheria yao niliijua tangu nikiwa mtoto na nilikuwa nimeisema mwenyewe kwa mdomo wangu: ukimfanyia huyu, unamfanyia na yule. Nilifikiria zawadi tu. Kisu sikukifikiria.

Nilienda dukani kwa Jakom nikiwa bado na vumbi la chini ya meza. Alikuwa anampimia mteja misumari, na hakuacha kupima. Nikamwambia mazishi ya mke wangu yamekatwa. Akasema yote yalikatwa, diski ilijaa, na mimi mwenyewe nilitia sahihi.

“Nilitia sahihi ya wengine. Yangu ulisema haiguswi.”

“Nilisema haiguswi kwa ubaya.” Akamfungia mteja misumari kwa gazeti. “Ni hotuba tu zimetoka, Osewe. Nani anakumbuka hotuba?”

“Wewe unakumbuka. Ulikuwa umekaa mstari wa kwanza. Basi Ijumaa twende ukawaambie wazee ulichosikia.”

“Siku ile nilikuwa na mambo mengi kichwani, omera. Sikumbuki.”

Audrey alikuwa pale nyuma ya kaunta. Alikuwa anaangalia kitabu cha risiti, na hakikuwa na kitu cha kuangaliwa hivyo.

Nikawazungukia wengine, nyumba kwa nyumba, kuanzia Kisumu Ndogo mpaka kwa wale wa kando ya reli Laini Saba. Watu nimewabebea majeneza. Mmoja alisema wakati ule alikuwa chooni. Wa kwaya akasema alikuwa analia, na mtu akilia hasikii vizuri. Mwingine aliniuliza Jakom anasema nini kwanza. Nikamwambia Jakom hakumbuki. Akasema hata yeye, akifikiria sana, hakumbuki. Kumbe mke wangu alizikwa na viziwi arobaini, nami niliwapikia.

Ikabaki Kawangware. Studio ya Mbuthia ni chumba kimoja, ukutani ameweka pazia lenye maporomoko ya maji ambapo watu wanapigia picha za pasipoti. Nilipomwambia kuhusu Adongo alishika kichwa.

“Mzee, zile diski ni kama kioo. Ukijikata uso, na yule wa kwenye kioo anatoka damu. Nilikwambia zinasaidia moja ikiharibika. Mtu akifuta, zinafuta zote.”

“Ulisema ni pacha.”

“Pacha ulisema wewe.”

Hapo alinishinda. Nikamuuliza kuhusu kamera yenyewe. Akasema kadi ya siku ile imeshapiga harusi kumi tangu hapo, haina kitu. Alikuwa anazima taa anisindikize nje, halafu akasimama. Siku ile walikuwa wawili, alisema. Yeye alikuwa na kamera kubwa mbele, na dada yake Wanja alikuwa na ndogo kando ya turubai, anachukua watu wakilia, maana ndugu wanapenda kujiona. Zile za Wanja hawakuzitumia zote. Alivuta mfuko wa plastiki chini ya kitanda, akamwaga diski kuukuu juu ya blanketi, akaanza kuchomeka moja moja. Ilikuwa ya tano.

Okoth haonekani kwenye ile picha. Wanaoonekana ni watu wangu, mstari kwa mstari, na upepo unapiga maiki. Sauti ya Okoth inakuja kutoka mbali, neno linasikika, neno linapotea. Siala inasikika. Barabarani inasikika. Halafu “mmesikia?” inasikika wazi kabisa, maana hapo alipaza. Na mikono inainuka. Jakom ndiye wa kwanza. Anasimama kabisa, mikono yote miwili juu, mdomo wazi. Nyuma yake wa kwaya, macho makavu. Aliyekuwa chooni yuko mstari wa tatu. Na pembeni, ameshika picha ya Angeline ya fremu, Audrey, ameinua mkono mmoja.

Mbuthia alinionyesha ile sehemu mara tatu. Akaniwekea kwenye flashi na kwenye simu, dakika kumi na moja. Nilipouliza nitampa nini, akasema niende kabla hajabadilisha mawazo, maana chama bado ni mteja wake.

Jumapili ile niliiweka kwenye seva, juu kabisa ambapo mazishi mapya hukaa. Nikaandika: Mazishi ya Angeline, kamera ya pili. Sikumwambia mtu. Baada ya kanisa wakaja kwenye benchi kama kawaida, hata waliokwepa macho yangu wiki nzima walikuja, maana bure ni bure. Mimi nikabaki ndani. Ile mashine ina ukurasa unaomwonyesha mtunzaji ni simu gani inaangalia nini, na imefika dakika ya ngapi. Kila simu ina jina na mstari mdogo unaotambaa.

Walianza wawili, wakawa saba, wakawa kumi na tisa. Simu ya Jakom ikaingia, hata yeye alikuwa nje. Mistari ikatambaa pamoja. Dakika ya nne ndipo Okoth anapoanza kuongea. Dakika ya sita mikono inainuka. Nikaona mstari mmoja umesimama kwenye dakika ya sita. Wa pili ukasimama. Halafu ikawa kama mtu anazima taa za jengo chumba kwa chumba, sita, sita, sita. Nje benchi likalia watu wakiinuka. Hakuna aliyebisha mlango.

Simu moja ilienda mpaka dakika ya kumi na moja, ikaanza tena upya. Ilikuwa ya Audrey.

Alikuja kesho yake mchana, wakati Jakom amekwenda benki. Alisimama mlangoni, hakukaa. Alisema Jakom alimwambia mimi nimekubali, nataka nafasi kwenye diski, na yeye hakuuliza. Halafu akasema hapana, si hivyo. Alikuwa anajua. Alipofika kwenye ile hotuba alijua, na alikata.

“Basi njoo Ijumaa,” nikamwambia. “Husemi kingine. Unasema mkono huu ni wangu, na niliuinua kwa sababu hii.”

Alilia kidogo. Akasema, “Nitakuja, baba. Alhamisi asubuhi nitakuwa stejini.”

Nilimwamini. Nani angekataa kumwamini? Kichwa kile Angeline alikisuka kila Jumapili miaka tisa.

Alhamisi nilizima seva. Nilimchomoa Adongo nikamfunga kwenye kitambaa cheupe chenye maua ya samawati, nikamtia kwenye begi. Hakuwa na faida yoyote kwenye kikao, lakini sikutaka pacha wote wawili walale kwenye nyumba ambayo kamati ina ufunguo. Stejini niliomba viti viwili. Gari la kwanza niliacha liende. La pili pia. Simu yake ilikuwa inaita, inaita, halafu ikawa haiiti. Nilipanda la tatu na begi likakaa kwenye kiti chake.

Nyumbani, kabla hata sijafika kwenye kaburi, niliona mawe. Mawe ya kuchonga, ya inchi tisa kwa tisa, yamepangwa barabarani, mbele ya ardhi yangu, ya kutosha maduka sita. Kazi yangu ni mawe, sihitaji kuambiwa hesabu. Na kwenye nyasi kulikuwa na alama za magurudumu makubwa, na mtoto wa jirani alipoulizwa ni gari gani lililoleta alisema ni lile la kijani, la Neema. Hapo ndipo kila kitu kilipokaa mahali pake. Mkono begani, diski imejaa, watu wanachoka na hotuba. Okoth alikuwa amempa Jakom ile sehemu ya barabarani kabla hata diski hazijajaa.

Kikao kilikuwa chini ya turubai la kanisa. Wazee watano na naibu wa chifu. Nikaonyesha dakika zangu kwenye simu, ikazungushwa mkono kwa mkono. Okoth alisema sauti ile inaweza kuwa ya mtu yeyote, na kweli uso wake haupo. Mzee mmoja aliuliza hawa wanaoinua mikono ni akina nani. Nikawataja kwa majina, mpaka Audrey. Akauliza wako wapi. Nikasema Nairobi. Akauliza, arobaini wote? Naibu wa chifu akampigia Jakom hapo hapo, akaweka simu juu ya meza kila mtu asikie. Alimwuliza siku ile waliinua mikono kwa sababu gani.

“Tulikuwa tunawashukuru wapishi,” Jakom akasema. “Chakula kilikuwa kizuri sana siku ile.”

Naibu wa chifu akashukuru, akakata.

Wazee walienda kando, hawakukaa hata nusu saa. Walisema mimi nina mashahidi wengi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuja mbele yao, lakini wote wako ndani ya simu, na simu haiapishwi. Kaburi libaki. Kibanda cha mabati kibaki. Hatua sita kila upande. Kingine chote ni cha Okoth, na Okoth afanye nacho apendavyo. Naibu wa chifu akaandika, na nikaona kwamba alikuwa ameandika nusu ya karatasi kabla hatujaanza. Wakubwa ni wale wale. Wa kule na wa huku, wanajuana kwa simu.

Nilizipima zile hatua mwenyewe. Upande wa barabara, hatua ya sita inaishia kwenye mawe ya Jakom.

Nilirudi Nairobi Jumapili mchana. Kwenye gari, ujumbe uliingia kutoka kwa Audrey. Niliufungua hapo hapo. Ulisema: “Baba, seva inasumbua, haifunguki tangu Alhamisi. Watu wanauliza mazishi yao. Jakom anasema uangalie.”

Niliusoma mara mbili kuona kama kuna kingine chini. Hakukuwa na kingine.

Walikuwa kwenye benchi nilipofika. Wamejaa, wengine wamesimama. Walinisalimia vizuri, wakaniuliza safari, wakanipisha mlangoni. Wa kwaya alisema pole kwa uchovu. Mmoja akaniambia anaona waifai imejaa kabisa lakini mazishi hayaji, ni nini? Audrey alikuwa mwisho wa benchi, ameangalia skrini yake.

Adongo alikuwa kwenye begi, kwenye kitambaa. Nilihitaji dakika mbili tu kumrudisha na kubonyeza kitufe. Mazishi yao yote yalikuwa humo, sikufuta hata moja, mimi si kamati.

“Zimeni simu,” nikawaambia, “mziwashe tena. Halafu mziinue juu kidogo, zitashika.”

Wakazima. Wakawasha. Halafu wakainua mikono juu, wote, mstari wa mbele na wa nyuma, Audrey naye mkono mmoja. Nikawaangalia mpaka nikatosheka. Nikaingia ndani nikafunga mlango, kitufe sikukigusa, nikaivika mashine kitambaa chake.